Kabla ya kupiga upya, uliza imekwama wapi

Kompyuta yenye Linux ikigoma kuwaka, ushauri utakaoupata huku kusini mwa Tanzania, kuanzia njia panda ya Nanganga hadi Masasi mjini, ni uleule: ipeleke kwa fundi ikapigwe upya, yaani diski ifutwe na mfumo uwekwe tena. Naupinga ushauri huo. Kupiga upya kunafuta kazi za mwenye mashine, iwe ni mitihani ya mwalimu, hesabu za chama cha msingi au picha za mtoto ambaye sasa ni mtu mzima. Kunafuta pia ushahidi wa kilichoigomesha. Ndiyo maana baada ya miezi michache tatizo hurudi, mashine inabebwa tena, na safari hii inawekewa Windows isiyo na leseni kwa madai kwamba Linux inasumbua. Nimefungua mashine nyingi za namna hiyo. Katika nyingi Linux ilikuwa nzima kabisa. Kilichougua kilikuwa umeme, betri ya saa au diski iliyochoka.

Kubeba nako kuna gharama yake. Mtu wa Nanganga anayetafuta fundi anapita Ndanda mpaka Masasi. Wa vijiji vya pembeni mwa Newala anateremka kutoka uwandani kwa bodaboda, kasha la kompyuta likiwa limeviringishwa shuka na kufungwa nyuma kwa mpira. Diski iliyozimwa huvumilia mtikisiko huo vizuri kuliko watu wanavyodhani. Visivyovumilia ni vipande vya RAM na waya wa diski, ambavyo hulegea kwenye nafasi zake. Mashine iliyotoka nyumbani na tatizo moja inafika mjini ikiwa na mawili, na fundi anaanza kulihangaikia lile la pili.

Na wenye Linux nyumbani wanaongezeka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Kompyuta za mtumba tunazonunua, zile za Core i5 ya kizazi cha tatu au cha nne zilizokwisha kutumika kwenye maofisi ya Ulaya, zimeachwa nje ya mlango huo, ilhali kwa Linux na RAM ya GB 4 bado zinafanya kazi ya nyumbani bila shida. Wasomi wetu waliona umuhimu wa jambo hili mapema. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Lakini ujumbe unaotokea mashine inapokwama katikati ya kuwaka bado ni Kiingereza cha mafundi kwenye skrini nyeusi, na hapo ndipo mwenye mashine anapokata tamaa na kuita bodaboda.

Asikate tamaa. Kuwaka kwa kompyuta ni kazi ya kupokezana kijiti. Inaanza BIOS, au UEFI kwa mashine za karibuni, programu ndogo inayokaa kwenye madabodi yenyewe. Hiyo inaamsha vifaa na kutafuta diski ya kuanzia. Inampa kijiti GRUB, ambaye kazi yake ni kupakia kerneli pamoja na initramfs, furushi dogo la zana za kumwezesha kerneli kuiona diski. Kerneli akiipata patisheni kuu anaianzisha systemd, nayo systemd inawasha huduma moja moja hadi skrini ya kuingilia itokee. Kila hatua ikianguka ina alama yake. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja tu: kitu cha mwisho ulichokiona kwenye skrini ni kipi? Usijibu kwa kumbukumbu. Chukua simu, piga picha. Kama Ubuntu imeficha maandishi nyuma ya nembo yake, bonyeza Esc yatokee. Yasipotokea, kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, futa maneno quiet splash mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha bonyeza F10. Mabadiliko hayo hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu, hayaharibu kitu.

Nianze na betri ya saa, kwa sababu katika nyumba za huku ndiyo inayoshukiwa kidogo kuliko inavyostahili.

Watu wengi hapa huchomoa kompyuta ukutani wakimaliza kazi. Wana sababu nzuri: radi za Desemba hadi Aprili, na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Nyumba ambayo Luku imeisha usiku nayo ni sawa na nyumba iliyochomoa kila kitu. Mimi mwenyewe nawaambia wachomoe. Lakini kuna upande wa pili wa tabia hiyo. Kompyuta ya mezani iliyozimwa ikiwa bado imechomekwa huendelea kupata umeme kidogo kutoka kwenye pawasaplai, na umeme huo ndio unaoitunza saa ya madabodi. Ukichomoa, saa inaishi kwa betri peke yake. Betri ambayo ofisini Ulaya ingekaa miaka mingi inakwisha mapema kwetu, na kwa mashine ya mtumba betri yenyewe ilikuja nayo ikiwa tayari mzee.

Betri ikifa, saa inarudi nyuma miaka kadhaa, na kwenye mashine nyingi za zamani setingi zote za BIOS zinarudi kama zilivyotoka kiwandani. Hapo ndipo balaa linapoanza. Tuseme Linux iliwekwa kwa mtindo wa zamani, ule unaoitwa Legacy, na setingi za kiwandani ni za UEFI. Mashine inawaka, inatafuta kianzio cha UEFI kwenye diski, haikioni, inaandika No bootable device found. Mwenye mashine anaamini diski imekufa. Fundi mwenye haraka anachomeka flashi yake ya Windows, inaiona diski vizuri, na bila kujiuliza kwa nini, anaifuta yote. Kumbe setingi moja ingerudishwa mahali pake, kila kitu kingekuwa salama.

Basi ukikutana na ujumbe huo, ingia kwenye BIOS kabla ya kugusa kingine chochote. Kwa Dell ni F2, kwa HP ni F10, kwa Lenovo nyingi ni F1. Tazama tarehe. Ikionyesha mwaka uliopita zamani, umeshampata mshukiwa. Tazama kama jina la diski linaonekana kwenye orodha ya vifaa; kama lipo, diski ina uhai na hakuna sababu ya kufuta kitu. Jaribu kubadili kati ya UEFI na Legacy, hifadhi, washa tena. Kwenye mashine mpya zaidi zenye diski ya NVMe angalia na setingi ya SATA: ikiwa imerudi kwenye RAID badala ya AHCI, Linux inaweza isiione diski hiyo kabisa.

Betri yenyewe ni CR2032, ya volti 3, upana milimita 20 na unene milimita 3.2. Angalia tarakimu hizo unaponunua, maana CR2025 na CR2016 za saa na rimoti zina upana uleule ila ni nyembamba, na zikiwekwa hapo huwa hazishiki sawasawa. Ukiwa na multimita, betri inayosoma chini ya volti 2.8 ibadilishe bila kuionea huruma. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, toa ya zamani, weka mpya ukifuata alama ya jumlisha iliyo kwenye kishikio. Ukishamaliza kurekebisha setingi, ziandike kwenye karatasi: UEFI au Legacy, Secure Boot imewashwa au imezimwa, AHCI au RAID. Ibandike kwa ndani ya kifuniko cha kasha. Fundi atakayefuata atakushukuru.

Saa mbovu huleta na magonjwa mengine ambayo hakuna anayeyahusisha na betri. Tovuti zinakataa kufunguka kwa madai kwamba vyeti vyake si halali. Amri ya apt inagoma kusasisha, ikisema orodha ya vifurushi ni ya tarehe ambayo haijafika. Ukaguzi wa diski nao unalalamika kwamba diski ilitumika mara ya mwisho katika siku zijazo. Na Linux za sasa zinaweza kuuficha ugonjwa wenyewe, kwa sababu systemd hukumbuka saa ya mwisho iliyoijua na haikubali kurudi nyuma yake. Ukitazama saa ndani ya Linux utaona imechelewa siku mbili tatu tu. Tarehe ya ukweli isome kwenye BIOS.

Kuna jambo jingine la ukanda huu ambalo vitabu vya ufundi wa kompyuta havina, nalo ni salfa. Mikorosho ikianza kuchanua, wakulima hupulizia salfa ya unga dhidi ya ubwiri unga, na mifuko iliyobaki hulazwa ndani ya nyumba isilowe wala isiibwe. Mara nyingi chumba chenye nafasi ya mifuko ndicho chumba chenye meza ya kompyuta. Shaba na fedha huwa nyeusi zikikaa na salfa kwenye hewa yenye unyevu. Hilo si dhana: wapimaji wa vifaa vya elektroniki duniani hutumia salfa hiyohiyo ya unga, ndani ya chombo chenye mvuke, ili kugundua kama utando wa dhahabu juu ya kipande una matundu. Tunachokifanya chumbani ni kipimo kilekile, ila sisi hatukukusudia. Matokeo yake ni mashine ambayo feni zinazunguka, taa inawaka, skrini haitoi chochote, na pengine inapiga milio. Toa RAM, futa meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa kwa spiriti, rudisha mpaka vishikio vya pembeni vilie. Kama ni vipande viwili, jaribu kimoja kimoja. Ikiwaka, mifuko ihame chumba siku hiyohiyo.

Ukiwa umefungua kasha, angalia pia nyuma ya pawasaplai. Zilizotoka nchi za umeme wa volti 115 zina swichi ndogo nyekundu. Ikiwa bado iko kwenye 115 na wewe ukachomeka kwenye umeme wetu wa 230, utasikia mlipuko, na hapo hakuna la kufanya ila kununua nyingine.

GRUB sina mengi ya kuisemea, maana huharibika kwa sababu chache zinazojulikana. Kuna mtu amefuta patisheni, amehamisha diski, au Windows iliyo kwenye mashine hiyohiyo imejisasisha. Agosti 2024 sasisho moja la Windows liliziacha kompyuta nyingi zenye mifumo miwili zikikataa kuwasha Linux, kwa sababu liliweka sheria mpya ya usalama iliyovikataa vianzio vya zamani vya Linux. Dawa ilikuwa kuzima Secure Boot, kuingia Linux, kufuta sheria ile kwa sudo mokutil --set-sbat-policy delete, kuwasha tena, kusasisha na kurudisha Secure Boot. Hakuna aliyehitaji kufuta diski.

Ukikutana na maandishi grub rescue na kistari kinachopepesa, andika ls. Utaona orodha ya patisheni kwa majina kama (hd0,gpt2). Jaribu moja moja, kwa mfano ls (hd0,gpt2)/boot/grub, mpaka ipatikane ile inayokuonyesha mafaili badala ya kosa. Kisha andika, kila mstari peke yake:

set root=(hd0,gpt2)
set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub
insmod normal
normal

Menyu itarudi. Ukishaingia ndani, rekebisha moja kwa moja kwa sudo grub-install na sudo update-grub. Kwa mashine za Legacy ongeza jina la diski nzima, kama /dev/sda, bila namba ya patisheni. Usipofanya hivyo utakuwa unaandika mistari ile kila asubuhi.

Sasa tuje kwenye skrini inayowatisha watu kuliko zote. Mistari myeupe inashuka juu ya weusi, halafu inasimama. Karibu na mwisho kuna mstari kama huu: /dev/sda2: UNEXPECTED INCONSISTENCY, RUN fsck MANUALLY. Chini yake jina BusyBox, na chini kabisa neno initramfs ndani ya mabano, kistari kikisubiri. Kibodi inafanya kazi lakini hakuna menyu, hakuna kipanya, hakuna picha. Kwa mtu aliyezoea dirisha la kubonyeza, hiyo ni sura ya kompyuta iliyokufa. Kwangu mimi ni habari njema. BIOS imefanya kazi, GRUB amefanya kazi, kerneli amepanda na diski ameiona. Kilichobaki ni kwamba mpangilio wa mafaili ndani ya patisheni moja una kasoro, na mashine imekataa kuendelea isije ikaongeza uharibifu.

Chanzo chake cha kawaida ni umeme kukatika mashine ikiwa inaandika. Kwa miaka mingi Lindi na Mtwara zilipata umeme wao kutoka mtambo wa gesi wa Mtwara, nje ya gridi ya Taifa, na mtandao mdogo wa namna hiyo ukitikisika hauna pa kuegemea. Kila aliyekuwa na kompyuta bila UPS anajua maana yake. Hata hivyo, ext4, mpangilio wa mafaili unaotumiwa na Ubuntu, Debian na Mint, ulitengenezwa ukijua kwamba umeme hukatika. Una jarida lake: mabadiliko ya mpangilio huandikwa kwanza humo, na kwa kawaida jarida hufungwa kila sekunde 5. Umeme ukirudi, kerneli anasoma jarida na kumalizia kilichokatizwa, bila hata kukuambia. Ndiyo maana kukatika mara moja huwa hakuangushi mashine nzima.

Basi mashine ikikufikisha hapo, mara ya kwanza irekebishe, mara ya pili ishuku diski. Kurekebisha ni kuandika fsck -y /dev/sda2, ukitumia jina lilelile lililoandikwa kwenye skrini yako, kusubiri imalize, kisha exit. Mashine itaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ila kabla ya kubonyeza Enter, sikiliza. Diski ya kuzunguka inayogonga, tik tik tik, ikinyamaza na kuanza tena, au skrini iliyojaa maneno I/O error, hiyo isipigwe fsck. Ukaguzi unaandika, na kuandika juu ya diski inayokufa ni kuimalizia. Wala usiendelee kuijaribu kila baada ya saa. Izime, tafuta diski nyingine yenye nafasi kubwa zaidi, na uinakili nzima kwa ddrescue kutoka kwenye flashi ya Linux, halafu urekebishe nakala. Nimeona kazi za miaka zikipotea kwa sababu mtu aliirudia fsck wakati diski ilikuwa ikiomba kunakiliwa.

Ukifanikiwa kuingia ndani, ipime diski kwa sudo smartctl -a /dev/sda. Mistari miwili inatosha: Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba ya mwisho ya mstari wa pili ikizidi sifuri, kuna sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma. Ikipanda wiki hadi wiki, nunua nyingine kabla ya msimu wa mvua.

Skrini yenye neno initramfs inaweza pia kuja na malalamiko tofauti, kwamba imesubiri diski kuu na haikutokea. Hapo usikimbilie fsck, kwa maana hakuna cha kukagua. Andika blkid. Kama diski haimo kwenye orodha, fungua kasha ukandamize waya wake pande zote mbili. Ni tatizo la mtikisiko, lile la bodaboda.

Hofu nyingine niisemee wazi kwa sababu inawazuia watu kusasisha mashine zao: wanaogopa bando kuisha katikati. Bando halina neno. apt hupakua vifurushi vyote kwanza na kuanza kuvifungua baadaye, kwa hiyo intaneti ikikatika wakati wa kupakua, utaendelea siku utakayopata bando jingine. Hatari ni umeme kukatika wakati wa kufungua, hasa anapowekwa kerneli mpya, kwa sababu initramfs yake inaweza kubaki nusu. Uwashaji unaofuata utaishia kwenye kernel panic na maneno Unable to mount root fs. Fungua menyu ya GRUB kwa kushikilia Shift kwenye mashine za Legacy au kugonga Esc kwenye UEFI, ingia Advanced options, chagua kerneli wa zamani. Ubuntu na Debian huwa hazimfuti wa nyuma yake kwa ajili ya siku kama hiyo. Ukiingia, sudo dpkg --configure -a, kisha sudo update-initramfs -u -k all. Masasisho ya kerneli yafanye kwenye kompyuta mpakato yenye betri nzima, au mchana ambao umeme umetulia na uniti za Luku unazijua.

Emergency mode, hali ya dharura ambayo systemd huingia ikikwama, ni hatua ya mbele zaidi, na mara nyingi inasababishwa na mwenye mashine kwa nia njema. Amenunua diski ya nje ya kuhifadhia, ameiandika kwenye faili la /etc/fstab ili ifunguke yenyewe, halafu siku moja diski hiyo iko kwa shemeji yake Newala. systemd inaisubiri sekunde 90, inakata tamaa, inasimamisha kila kitu. Ongeza neno nofail kwenye mstari wa diski hiyo, na mashine itawaka hata kama diski haipo. Kama mashine inakuambia akaunti ya root imefungwa na haikupi pa kuandika, washa kwa flashi na uhariri faili kutoka huko.

Mwisho wa mnyororo kuna mashine inayofika skrini ya kuingilia, inapokea nywila, inakuwa nyeusi, inarudi palepale. Nywila ni sahihi. Mara nyingi kilichojaa ni diski. ext4 hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya root, na ndiyo maana mfumo unaweza kuwaka wote ila wewe ukakosa hata pa kuandika faili dogo la kuingilia. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ingia kwa maandishi, andika df -h. Ukiona 100% kwenye mstari wa patisheni kuu, sudo apt clean na sudo journalctl --vacuum-size=100M vitakupa nafasi ya kupumulia, halafu uhamishe filamu. Kama nafasi ipo na skrini inabaki nyeusi tangu mwanzo, kwenye GRUB bonyeza e na uongeze nomodeset mwisho wa mstari wa linux. Ukiingia, shida yako ni kiendeshi cha kadi ya picha.

Baadhi ya haya yanahitaji flashi ya uokoaji iliyotengenezwa mapema, wakati mashine ni nzima. Ubuntu ya mezani ni karibu GB 6, mzigo kwa bando la simu, lakini netinst ya Debian haifiki GB 1 na ndani yake ina hali ya uokoaji. Moja inatosha mtaa mzima. Faili likishapakuliwa lipime kwa sha256sum na ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti ya Debian, kwa sababu faili lililokatika njiani hutengeneza flashi inayodanganya. Na ukishaifufua mashine, journalctl -b -1 -p err itakusomea makosa ya uwashaji uliopita. Nakili mistari yake kwenye karatasi ile ya ndani ya kifuniko.

Ikitokea madabodi imekufa kweli, kwa radi au kwa uzee, bado usikubali kupigwa upya. Toa diski uitie kwenye mashine nyingine ya kizazi kinachokaribiana. Viendeshi vya Linux vinakaa pamoja na kerneli, na Ubuntu na Debian hupakia karibu vyote muhimu ndani ya initramfs, kwa hiyo diski iliyotoka kwenye Dell kwa kawaida itawaka ndani ya HP, na kazi zote zikiwa mahali pake. Fedora hupakia vya mashine husika tu. Kwa hiyo kwenye menyu chagua kerneli wa uokoaji. Hakikisha mashine mpya ina mtindo uleule, UEFI kwa UEFI, Legacy kwa Legacy. Kwa Debian ya UEFI, mashine mpya ikisema haioni kianzio, washa kwa flashi, ingia kwenye mfumo wako kupitia hali ya uokoaji na uandike grub-install --removable, nayo itaweka kianzio mahali ambapo kila UEFI hupatafuta.